Safu ya Mengineyo

Kila seli huzaliwa na kufuli lake.
Sikulijua hilo. Miezi minne na kompyuta ya ushirika wa mwani,
hapa Tumbe, kwenye meza yenye kipande cha ndala
chini ya mguu mfupi,
na sikulijua.

Jumla ya Machi ilikataa.
Mizani: mia tatu na nane.
Laha: mia tatu na ishirini.
Kilo kumi na mbili hazina mwenyewe.
Nilizisaka mpaka alasiri, mstari kwa mstari,
nikaja kuibofya seli ya jumla:
hamna fomula. Namba tupu, ya mkono,
imekaa kitako kama mwenye nyumba.

Nikarejesha fomula, nikafunga.
Linda laha. Neno la siri, mara mbili.
Nikaenda zangu nimeshiba ushindi.

Asubuhi wakaja na magunia.
Bi Asaa, kumi na tisa. *Seli imelindwa.*
Bi Mtumwa, kumi na tatu na nusu. *Seli imelindwa.*
Nazima, nawasha, inagoma.
Foleni imefika mlangoni, chumvi inawakaukia miguuni.
"Mwanangu, chombo chako kimeota kiburi?"

Nikampigia Shaame, yule wa fotokopi Konde. Akacheka kwanza.
"Umefunga nyumba nzima na wenyewe wako nje!
Zote zina kufuli tangu kuzaliwa,
ila kufuli haliumi mpaka uilinde laha.
Ondoa ulinzi. Neno la siri unalo?"
Ninalo. Nyuma ya kalenda, kama wajinga wote.
"Bofya kule pembeni juu, zichague zote, toa tiki.
Rudi kwenye jumla peke yake, itie tiki.
Halafu ndiyo ulinde."

Seli za uzito zikapokea.
Ya jumla nikaijaribu: ikakataa, kwa adabu.

Walipoondoka, Bi Mize, mwenyekiti, alibaki.
Akaweka kidole kwenye kioo, hina imefifia ukuchani.
"Na hapa? Hapaandikiki tena?"
Nikamtazama. Hakuinamisha macho.
"Mwani wa Time ulinyeshewa chanjani.
Kilo kumi na mbili, na mtoto yuko hospitali Wete.
Ulitaka niuandike wapi?"

Nikarudi kwenye laha, nikatafuta kweli.
Jina. Tarehe. Uzito. Bei. Sahihi.
Fomula hujumlisha kilichopanda mizani;
mvua haina safu.

Sikumjibu. Usiku ule nikaiondoa kinga tena,
nikaongeza safu mbili mwisho kabisa, baada ya sahihi:
Mengineyo. Sababu.
Nikaiambia jumla izihesabu.
Nikazitoa tiki, kisha nikalinda.

Kesho yake nilimvutia kiti.
Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi
kama anayechambua mchele:
12.
Mvua.

Na kule chini, pasipoguswa na mtu,
jumla ikasogea yenyewe.