Ukoko

Ukumbi wa parokia, Kiltimagh, Februari.
Mvua inagonga bati kama mdai.
Meza sita, majagi ya maji, biskuti zisizo na chumvi,
na penseli, kwa sababu wino huandika kabla hujafikiri.
Mimi na Malachy Durkan tumepewa meza ya nne:
stauti kavu za Kiayalandi, kumi na moja.
Hakuna jina kwenye kikombe. Namba tu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji;
ndiyo maana wanatuficha mgema ni nani.

Saba tumeshazimaliza.
Moja ilikuwa tamu kama inayoomba msamaha.
Moja chapwa, maji ya kusuuzia birika la kahawa.
Moja ilinuka siagi, na Malachy akasema,
"Huyu hakuingoja hamira imalize kazi,"
akaitema ndooni bila chuki, kama daktari.

Kisha mia moja na kumi na nne.

Naiinua kwenye taa. Nyeusi, watu husema,
lakini nyeusi ni neno la mvivu.
Inamisha kikombe, tazama ukingoni,
pale bia inapokonda:
damu ya mzee.
Povu limekaa, halina haraka,
rangi yake sufu ambayo haijafuliwa.
Kila nikipiga funda linaacha pete kiooni
nami nazihesabu, kama mtu aliyekata mti.

Nanusa. Kahawa, ndiyo. Shayiri iliyokaangwa
hadi jirani na kosa.
Nakunywa.
Uchungu unaingia kwanza, wima, bila hodi;
katikati wembamba, si wa mgonjwa, wa mkimbiaji;
halafu ukavu, na ulimi unabaki
kama ubao uliofutwa
unaotaka kuandikwa tena.

Mwisho kabisa, nyuma ya meno, ukakasi.

"Majivu," asema Malachy. "Amekaanga akapitiliza.
Ishirini na tisa."
"Ukoko," nasema mimi. "Arobaini."

Sheria haituruhusu kuachana zaidi ya alama saba.
Tunatazamana kama mume na mke dukani.
Yeye alikuwa fundi bomba miaka thelathini,
huusikia uvujaji kabla tone halijaanguka.
Mimi nilipikia watoto wa shule.
"Majivu hukwama kooni," namwambia. "Haya yanaondoka."
"Yanaondoka polepole."
"Hata wewe, ukija kwangu."
Hacheki. Anapiga funda jingine.

Mengine simwambii:
shangazi yangu Gobnait, jiko la mboji kavu,
mkate wa magadi ulioungua chini kila Jumamosi
kwa sababu alisoma gazeti huku amesimama;
kisu juu ya sinki, kwaru, kwaru,
vumbi jeusi likidondoka,
nasi tukigombania kipande kilichokwanguliwa vibaya.
Hiyo si hoja. Karatasi ya alama haina safu ya shangazi.
Basi najiuliza, kama inavyompasa hakimu:
nisingekuwa na Gobnait, ningeonja nini?

Natafuna biskuti. Nasukutua. Naanza upya.

Ukakasi upo. Malachy ana haki.
Upo wa kijiko, si wa kikombe.
"Thelathini na sita."
"Thelathini na tatu."
Tunaandika thelathini na nne na nusu,
kama watu waliouziana mbuzi na wote wakanuna.

Imebaki mistari miwili ya ushauri
kwa mtu nisiyemjua, katika banda nisilolijua.
Naandika: punguza shayiri ya kukaanga, konzi moja.
Nafuta.
Naandika: nusu konzi.
Nafuta tena, karatasi inaanza kuchanika,
na Malachy, bila kuinua macho,
ananisukumia kifutio chake.

Kijana wa kuhudumu anakuja kukusanya vikombe.
Nafunika mia moja na kumi na nne kwa kiganja.
Bado.