Kamba ya Jezi

Tulianza tukiitwa Pareto, enzi za kiwanda,
jezi tumezishona kwa magunia yake:
nzi wa Mafinga walitukwepa,
mabeki hawakutukwepa.

Kiwanda kikafungwa, tukawa Ushirika,
tukapanda daraja kwa kichwa cha Chaula,
tukashushwa na lori:
lilikatika ekseli Makambako, tukafika Njombe
refa ameshakwenda zake.

Ushirika nao ukafa. Tajiri wa mbao
akatubandika jina lake,
akafilisika, akaondoka nalo.

Mwaka huu hatuna jina.
Ila Tulalumba anaanika jezi ukunguni,
kumi na moja, namba tisa mwisho wa kamba,
kwapa limeshonwa tena, uzi wa kijani.
“Zisipokauka,” anasema, “mtavaa mbichi.
Jumapili ni Jumapili.”