Punje

Neno lao ni pikseli. Kwa Kirohingya sikulipata,
na mkalimani hapewi muda wa kwenda kulichimba.
Nikasema: punje. Kama ya mchele.
Picha hii, mama, ni punje tupu,
kila punje nusu mita ya ardhi, urefu kwa upana.
Nur Kolima akatikisa kichwa. Mchele anaujua.

Nje ni Hague, Februari, mvua inanyesha kiubavu.
Ndani, ukutani, ni Boshor Para:
saa nne na nusu asubuhi, kijiji kimelala chali,
mapaa, visima, njia ya ng'ombe iendayo mtoni.
Picha ya pili ni ya siku kumi na moja baadaye.
Katikati hamna kitu. Mawingu.
Setilaiti ilipita mara nne
na mara nne ikarudi na pamba.

Mtaalamu ni Wietske Hoekstra, mafua yamemshika,
soksi zake hazifanani, niliziona chini ya meza.
Anaeleza faili lilivyosafiri: nani alilitoa,
nani alilipokea, saa ngapi, kwa saini gani,
na ile tarakimu ndefu inayolifunga,
ambayo ukigusa punje moja inageuka yote.
Kama mayai, nikawaza, yahesabiwayo
kila yanapohama kapu.
Sikuyasema mayai. Haturuhusiwi kuongeza.

Wakili wa utetezi akainuka taratibu.
Kiangazi, nyasi kavu, jiko la jirani:
je, moto hauwezi kujiendea wenyewe?
Wietske akafungua rangi ambazo jicho halina,
zile ambamo jani bichi huwa jekundu.
Mashariki ya barabara: wekundu mtupu, mabati mazima.
Magharibi: jivu, ua baada ya ua,
na kati ya ua na ua, migomba ikiwa hai.
Moto uliojua kusoma majina.
Hayo ni yangu. Yeye alisema tu,
"Mpangilio huu haulingani na upepo wa wiki ile.
Na kule, wiki ile, haikuwa kiangazi."
Nikatafsiri hivyo hivyo.

Majengo yaliyoungua: mia mbili na kumi na manne.

Nur Kolima akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.
"Hiyo ya pembeni si nyumba.
Ni lundo la mabua ya mpunga, la Dil Mabud.
Nilikuwa nikimkopa."
Wakili akatabasamu, paka aliyeona kifuniko kimelegea.
Wietske akasogea hadi pua ikakaribia skrini.
Akatazama kivuli: hakina kipeo, kimeviringa.
"Amesema kweli. Nilikosea. Ni mia mbili na kumi na matatu."
Akakata, akaandika, akatia saini pembeni.
Jaji wa kushoto, aliyekuwa akichezea kalamu tangu asubuhi,
akaiweka chini.
Tabasamu lile sijui lilikwenda wapi.

"Na yangu mimi," akauliza Nur Kolima,
"ilikuwa punje ngapi?"
Swali halimo kwenye orodha, lakini hakuna aliyelizuia.
Kumi na mbili kwa kumi na mbili.
Mia moja arobaini na nne.
"Si haba," akasema. Kisha:
"Na Syedul?"

Wietske akapenga kamasi. Akachukua muda.
"Mtu aliyesimama, ukimwangalia kutoka juu,
hajazi hata punje moja."
Ilinibidi niyaseme hayo kwa mdomo wangu,
kwa lugha ya mama yangu,
nikiangalia glasi ya maji.

"Hakuwa amesimama," akasema Nur Kolima.

Mawingu, mama. Siku ile kulikuwa na mawingu.

Karani akasoma: kielelezo cha arobaini na moja,
kimepokelewa bila pingamizi.
Watu wakakusanya makaratasi, viti vikalia.
Yeye alibaki kaketi, kidole juu ya mbao za meza,
akipima urefu wa mwanamume aliyelala mlangoni:
moja,
mbili,
tatu na kidogo.