Siku ya Kamba

Huku Punta Arenas upepo ukichachamaa
manispaa hufunga kamba kwenye pembe za mitaa
tuzishike tukivuka, tusipeperuke kama risiti.
Nani huzifunga? Sijui. Fundo sijawahi kulikagua.
Nazishika tu. Mwaka wa thelathini na nne huu nazishika.

Chanjo yangu niliipokea bila kuuliza bei.
Nilikwenda na aproni ya kiwandani,
mikono inanuka kaa,
nikarudi zamuni nikaendelea kuvunja magamba.
Mwili huu umeshavuta moshi wa kila jiko;
ukikosewa, amekosewa mtu mzima.

Lakini Maite,
miaka sita, meno mawili ya mbele hana.
Karatasi ya shule ilikaa chini ya chupa ya mafuta
siku kumi na moja,
mpaka doa likafika mahali pa sahihi.

Nelson alipiga simu kutoka ng'ambo ya mlango wa bahari,
kwenye banda la kukata manyoya,
kondoo wakilia nyuma yake kama mashahidi.
"Ngoja kwanza," akasema. "Wa wenzetu watangulie."
Neno hilo lilikuwa langu.
Nililificha kifuani, yeye akalitamka tu.
Wa wenzetu watangulie,
kana kwamba wenzetu hawazai kwa uchungu.

Edulia wa ghorofa ya chini akaleta mkate na habari:
huko Osorno, mtoto kachomwa, kaanguka, kazimia.
Mtoto wa nani?
Wa mtu.
Mkate tuliumaliza jioni ileile.
Habari ililala mezani, ikaamka nasi.

Usiku nilisoma kwenye simu hadi macho yakawa mchanga.
Kila aliyeandika alikuwa na hakika.

Baridi iliyopita tulimzika mwalimu wake wa chekechea
kupitia kioo cha simu.
Shangazi Ivonne, walivyomwita, ndiyo desturi ya huku,
yeye aliyewafundisha kufunga kamba za viatu.
Maite aliupungia mkono ule mstatili mdogo wa mwanga.
"Mbona hanipungii?"
Nikamwambia mtandao uko chini.

Jumanne nikamvika makoti mawili, tukatoka.
Sikuwa na hakika. Naliandika hili
asije mtu akanisifu ushujaa.
Shaka lilikuja nasi,
likashika kamba nyuma yetu.

Ndani ya ukumbi, juu ya mistari ya mpira wa kikapu,
tulipangwa kama wachezaji wasiojua mchezo.
Mbele yetu baba mmoja, mwanawe mabegani,
alifika mezani, akaitazama chupa,
akageuka.
Watu wote walisoma viatu vyao.
Nilitaka kumchukia, nikashindwa.
Jumatatu nilikuwa yeye.

Muuguzi alikuwa binti mdogo, vidole vya barafu.
"Unaogopa?" akamuuliza.
"Mama ndiye anaogopa," Maite akajibu,
na sindano ikawa imeshatoka.
Hakulia. Aliomba stika ya pengwini,
akapewa ya nyangumi,
hapo ndipo alipolia, hadi mlangoni, hadi barabarani,
hadi upepo ukamnyang'anya sauti.

Usiku mkono ukawa mzito, ngozi ikapata joto.
Nilikaa sakafuni, kiganja kwenye paji lake,
nikizihesabu pumzi kama nihesabuvyo kaa kwenye mizani:
moja, nyingine, nyingine.
Kama lingetokea lolote
hakuna wa kumlaumu ila mkono huu uliotia sahihi.
Na kama nisingempeleka, vilevile, mkono huu.
Hakuna aliyeniambia kwamba mizani hii
ina jiwe langu pande zote mbili.

Saa nane simu ikatetemeka.
"Ulimpeleka?"
"Nilimpeleka."
Kimya. Kondoo walikuwa wamelala.
"Yukoje?"
Nikaisogeza simu karibu na kile kinywa chenye pengo.
Hakusema nimekosa.
Hakusema nimefanya vyema.
Alisikiliza tu, mpaka salio likamwishia.