Pete ya Sukari

Saa kumi na moja alfajiri, Izmit, theluji imeziba mlango.
Sukari imekwisha kuchemka na tone la limau.
Turgut huijaribu kwa jino:
ikilia kama kioo, iko tayari.

Miaka kumi na tisa sinia hii imezungukwa na wanne.
Unga uliokaangwa kwa siagi,
na katikati pete, nene kama mkono wa mtoto.
Wanavuta. Pete inapanuka hadi ukingoni.
Wanaisokota nambari nane, wanailaza juu yake yenyewe.
Mbili. Nne. Nane. Kumi na sita.
Mbele ya hapo si wewe uachaye hesabu,
hesabu ndiyo ikuachayo.

Leo wako watatu.
Selahattin alizikwa Jumanne,
na pete, isiyojua matanga,
inanenepa upande wake, inapoa, inakatika.

Nazmiye, mjane, amekuja kuchukua mshahara wa mwisho.
Anavua koti. Anakunja mikono ya sweta.
Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemzuia.
"Msinitazame mimi," anasema. "Vuteni."

Mkunjo wa kumi na mbili, pete imekuwa nywele,
nyeupe, laini, zisizotaka kitana.

Pishmaniye. Wenyewe husema jina lina majuto ndani:
alaye hujuta, asiyekula hujuta.
Na kama majuto ni mjukuu,
huyu kazaliwa na mvi.

Mkono mtupu haulambwi.
Nazmiye anatoka, anaulamba wake
kidole kwa kidole, mpaka kituo cha basi.
Bahasha ya mshahara
ameisahau kwenye unga.