Vijiko Vitatu vya Chumvi

Nitreti ya potasiamu iliisha muhula wa kwanza,
na huu ulikuwa wa tatu, mtihani uko mlangoni.
Mwalimu Chelagat akauliza nani ana chumvi kwao.
Lokwang akasema: si tuchote maji ya ziwa, yako bure?
"Ziwa la Nakuru ni magadi," akajibu.
"Utapata mashapo meupe huku, ya kijani kule,
na sindano itakutazama tu."
Basi mimi, mtoto wa Rasoa wa Kaptembwo,
nikaleta vijiko vitatu ndani ya karatasi ya unga.
Sikumwambia mtu kwamba ndivyo vilivyokuwa vyote.

Bikari mbili.
Huku bamba la zinki, tumelisugua kwa msasa hadi likatuona,
limesimama ndani ya salfeti yake isiyo na rangi.
Kule shaba, ndani ya maji ya buluu
kushinda sweta zetu zilizopauka.
Waya juu, voltimita katikati.
Sifuri.
Lokwang akagonga kioo kwa ukucha. Sifuri.

"Zinki inataka kutoa," Mwalimu akasema.
"Kila atomu iko radhi kuacha elektroni mbili
ikazame majini bila kuaga.
Shaba inataka kupokea. Waya upo.
Mbona kimya?"

Tulitazama viatu vyetu.

"Anayetoa akitoa tu, upande wake unafurika chanya.
Anayepokea akipokea tu, kwake kunafurika hasi.
Mara wote wawili wamegoma,
na waya uko palepale, mzima, hauna kazi."

Akachovya ukanda wa karatasi kwenye chumvi yetu,
akaulaza, ncha huku, ncha kule.
Kloridi ikaelekea kwa zinki, sodiamu kwa shaba,
kila mmoja kwa aliyemhitaji, pasipo kelele,
na sindano ikainuka kama mtu aliyeitwa jina:
moja nukta sifuri tano.
Kitabu kinasema moja nukta moja, tukalalamika.
"Kitabu hakikununua chumvi Kaptembwo."

Jioni nilimweleza Mama haya yote.
Miaka kumi na tisa alishindilia unga mweusi
ndani ya makopo ya zinki, kiwanda cha betri,
kucha zake hazijawahi kutakata sawasawa.
Alinisikiliza
kama mtu anayeelekezwa njia ya kwao.
"Kwetu zinki ndiyo kopo lenyewe," akasema.
"Unene tuliupima kwa kidole gumba.
Betri ikifanya kazi, kopo ndilo linaloliwa.
Ile inayovuja watu huitukana bure,
imemaliza kujila, basi."

Akanyoosha mkono kwenye rafu. Kunde ziko motoni.
"Chumvi iko wapi?"
"Shuleni, Mama. Imelowa."

Duka la Mokaya lilikuwa limefungwa.
Mlango uliobaki ni wa Wanjugu, mkabala na wetu,
hatua tano za saruji.
Walikaa benchi moja, mashine namba nne,
mpaka orodha ikabandikwa ukutani:
Mama akatolewa Juni,
Wanjugu akaachwa hadi Septemba.
Miezi mitatu tu. Kimya chake kina miaka tisa.
Mfereji wanachanganya.
Waya wa kuanika nguo ni mmoja,
gauni la huyu limegusana na leso ya yule
kila Jumamosi, miaka yote hiyo.

Mama alilishika kopo tupu, akalitikisa,
kana kwamba lingebadili nia.
Kisha nikasikia ndara zake. Moja, mbili.
Zikasimama. Tatu.
Akabisha.

Nilihesabu hadi ishirini na kitu.

"Rasoa?"
Na kiti kikaburutwa.

Kunde ziliungua.
Nilizila hivyohivyo, peke yangu,
daftari likiwa pajani, nikichora mishale ya elektroni
kutoka kushoto kwenda kulia,
na ng'ambo ya saruji mtu alikuwa akicheka
kuhusu mashine namba nne.