Shuka za Septemba

Mwezi wa Mei watu kumi na wawili walipanda kuifunika barafu.
Baba alikuwa wa kumi na tatu, hakuandikwa popote,
wiki sita tangu tumzike mama.
Mimi nilikuwa Basel, nyuma ya kioo cha duka la dawa,
picha yake ikanifikia saa ya chakula:
ubavu wa mlima umevikwa nguo nyeupe,
kipande kimeshonwa kwa kipande,
mifuko ya mchanga imekalia pindo.
Nikamwandikia: Mmeivika sanda.
Hakujibu. Baba ni mtu wa kujibu baada ya miezi.

Kreszenz, mama yangu, alikuwa na kopo la rangi nyekundu.
Kila Septemba alipanda hadi barafu inapoishia,
akachagua jiwe lisilotikisika,
akaliandika mwaka,
na hatua alizohesabu toka jiwe la mwaka uliopita.
Hakutumwa na mtu. Alikama ng'ombe wa watu, akagandisha jibini,
na daftari lake mpaka leo linanuka maziwa.
Kumi na moja. Tisa. Kumi na nne.
Mwaka mmoja, kabla sijazaliwa, ameandika:
Imekuja yenyewe, hatua tatu. Imelimeza jiwe.
Herufi zake hapo zimekaa kama za mwenye nyumba aliyepata mgeni.

Jiwe langu ni la themanini na sita.
Nikiwa na miaka saba nilisimama juu yake
nikarusha kokoto, ikagonga barafu: ngo!
Leo ukiwa hapo huioni kabisa.
Misonobari midogo imeota,
na wapanda mlima hukaa juu ya mwaka wangu
wakila mkate, wakimtupia mbwa maganda ya soseji.

Majira yake ya mwisho mama aliungua kwa ndani.
Usiku alitupa blanketi. Baba akaliokota, akamfunika.
Akalitupa. Akamfunika.
Hadi alfajiri, bila neno, kama watu wanaocheza karata.
"Theodul," akasema mwishowe, "joto halitoki nje.
Limo humu."
Baba akalikunja lile blanketi, akalikalia.

Septemba nilipanda naye kwenda kuzivua.
Sikuwa nimeambiwa kuwa shuka hurudi nzito hivi:
zimelewa maji, zimepakaa masizi,
vumbi jekundu la jangwa lililovuka bahari,
na nondo, nondo kwa maelfu,
wamenasa kwenye nyuzi kama maandishi ya lugha niliyoisahau.
Palipofunikwa pamebaki juu, kimo cha mtu na nusu.
Pembeni yake pamezama.
Niliipapasa. Ilikuwa inatoka jasho.

"Maiti havuliwi sanda," baba akasema, ghafla,
akiwa amenipa mgongo, anafungua kamba,
na ilinichukua muda kujua kwamba ananijibu ujumbe wa Mei.
"Kwa hiyo siyo sanda."
Akafungua kamba nyingine.
"Ila sisemi ni nini."

Alikuwa na kopo mfukoni. Sikuwa nimeliona.
Tulishuka hadi mwisho wa barafu na mwisho wa barafu ni ziwa,
halina jina bado, rangi yake kama maji ya kusuuzia ndoo ya maziwa.
Alianza kuhesabu toka jiwe la mwisho la mama.
Kwenye thelathini na mbili maji yaliingia kwenye buti lake.
Alisimama humo, brashi mkononi,
akatazama kulia, akatazama kushoto,
rangi ikamdondokea kidoleni.
Hapakuwa na jiwe.
Nikalifungua daftari nikaandika mimi,
kwa mwandiko ambao si wake:
Thelathini na mbili, kisha maji.

Jioni tulikunja shuka.
Tulizikunja kama mama alivyotufundisha kukunja za kitandani:
pembe kwa pembe, unamwendea mwenzio,
vidole vinakutana, mmoja anaachia, anarudi nyuma.
Nondo wakaanguka baina yetu.
"Vuta," baba akasema.
Nikavuta.